Malezi ya wale wanne wa Queen: nianzie wapi na klabu ya muziki?

besi_kondele (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Klabu ya muziki ya shule ina kipindi cha dakika 40 Ijumaa kuhusu Queen, bendi ya roki ya Uingereza ya Freddie Mercury (mwimbaji), Brian May (gita), John Deacon (besi) na Roger Taylor (ngoma), na mada waliyoichagua wanafunzi ni malezi yao. Nusu wanashikilia kwamba Mercury alikulia kwenye dhiki Unguja, nusu wanasema wote walikuwa watoto wa matajiri wa London. Nipeni ya uhakika, na ikiwezekana kitu cha kushikika, maana wakisomewa wasifu mtupu watasinzia.

mwalimu_wa_kwaya (Nakuru)
Wote wamekosea, mwalimu. Mercury alizaliwa Unguja 5 Septemba 1946 kwa jina Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi (Wahindi wa dini ya Zoroasta) wenye asili ya Gujarat. Babake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo dhiki haikuwepo. Akiwa na miaka 8 hivi alipelekwa bwenini St Peter's, Panchgani, India, na huko ndiko alikosomea piano na kupiga na wenzake katika bendi ya shule, The Hectics. Familia ilihamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi, ikatua Feltham, naye ana miaka 17. Akasomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, London. Waonyeshe nembo ya bendi, aliichora mwenyewe kwa nyota zao: simba wawili ni Deacon na Taylor, kaa ni May, na wale wawili wenye mabawa ni nyota ya Mashuke, yaani yeye.

Roger Taylor: King's Lynn, 1949, akakulia Truro kule Cornwall na kuimba kwaya ya kanisa kuu. Ile "Galileo" ya juu kabisa katika wimbo wao Bohemian Rhapsody ni sauti ya huyo mpiga ngoma. Zoezi: chukua waimbaji watatu, wote waimbe mstari mmoja wa melodia kwa sauti moja, urekodi, kisha wote watatu waimbe mstari wa pili juu yake, halafu wa tatu. Ndivyo Mercury, May na Taylor walivyofanya. Kosa la kawaida ni kumpa kila mtu mstari wake: utasikia watu watatu, hutasikia kwaya.

fundi_kibuye (Kisumu)
Kitu cha kushikika ni gita la Brian May. Huyu ndiye mtoto wa London, tena wa pembezoni, Hampton, 1947. Babake alikuwa mchoraji wa mitambo wizara ya usafiri wa anga na fundi wa redio nyumbani. Gita la dukani lilikuwa ghali, wakaanza kuunda lao 1963, ikachukua kama miaka 2 na takriban pauni 8.

Shingo ilitoka kwenye mbao ya meko ya zamani. Matundu ya dumuzi yalizibwa kwa njiti za kiberiti. Kiwiliwili kina mwaloni wa meza kuukuu. Alama za shingoni ni vifungo vya chaza vya mamake, na ncha ya mkono wa tremolo (kifaa cha kuyumbisha sauti ya nyuzi) ni sindano ya kufumia. Bamba la tremolo linabembea juu ya makali ya kisu, likivutwa na springi 2 za valvu za pikipiki ya Panther.

Hapo kwenye springi ndipo uwaite wanafunzi karibu. Omba springi za valvu kwa fundi yeyote wa boda. Springi ikizidi nguvu ya nyuzi, bamba linalala nyuma na noti zinapanda. Ikizidiwa, linainuka na noti zinashuka. Na msuguano ukiwepo mahali popote, uzi haurudi kwenye sauti yake. Ndiyo maana nyuzi zinapita juu ya vigurudumu vidogo pale kwenye daraja, yaani kipande kinachobeba nyuzi juu ya kiwiliwili. Pikapu zake 3 za kampuni ya Burns (koili za sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) zilimwagiwa gundi ya Araldite, kwa sababu koili inayotikisika hupiga yowe ukiongeza sauti.

germani_tu (Kakamega)
Msimsahau John Deacon, kila mara anasahauliwa. Leicester, 1951, akafiwa na babake akiwa bado mtoto. Kijana wa nyaya na redio. Akamaliza elektroniki Chelsea College kwa daraja la kwanza, 1971. Mwaka 1972 aliokota bodi ya amplifaya kwenye taka, akaifunga ndani ya boksi la spika. Haina kitufe hata kimoja, haifiki wati 1, inakula betri ya volti 9. Ile bendi nzima ya jazi inayosikika kwenye wimbo wa Queen, Good Company, ni gita la May kupitia kijisanduku hicho.

Mkitaka kuiga, tumieni betri 6 kubwa za tochi kwa mfululizo; adapta ya bei rahisi italeta mngurumo wa stima. Transista za zamani za madini ya germani, aina ya PNP, huwekwa ncha chanya ya betri kwenye ardhi (waya wa pamoja wa saketi), ukigeuza betri umeziua. Halafu joto la Kisumu: mvujo wa umeme ndani ya germani hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo usiiache juani dirishani.

besi_kondele (Kisumu)
Asanteni sana. Basi dakika 10 Unguja na Panchgani, kwaya 10, zilizobaki springi na betri?

fundi_kibuye (Kisumu)
Springi zipe 15. Wakishazishika hawatataka kuziachia.