Tope la Manafwa: wilaya za juu na za chini zinaweza kupitisha sheria ndogo moja?

Jaruba_la_Doho ameuliza:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naandika Kiswahili makusudi. Mimi ni Mnyole wa Butaleja, mashariki mwa Uganda. Lunyole yangu haipandi mlima, na Lumasaba, lugha ya watu wa mlimani, ninayoijua inatosha kununulia matoke sokoni Mbale, basi. Nataka watu wa juu wanisome na wa chini wanisome.

Nalima mpunga kwenye skimu ya Doho, ekari moja na nusu. Wasioijua: skimu ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, ina hekta 1,000 hivi, na inakunywa Mto Manafwa unaoshuka kutoka Mlima Elgon. Mvua ikipiga mlimani, sisi huku hatuhitaji kupigiwa simu. Maji yanafika yana rangi ya chai ya maziwa, na yakitulia jarubani yanaacha mzigo. Msimu uliopita jaruba langu la mwisho lilijaa tope hadi magotini, na mpunga niliokuwa nimeupandikiza wiki ile ukalala chini yake. Nikalipa vijana wanne siku tatu wazoe. Hapo sijahesabu mchango wa kuzibua mfereji, ambao tunachangishana kila mara na kila mara kuna anayekimbia.

Mimi pia ni katibu wa kamati ya mazingira ya sabkaunti yetu. Cheo hakina mshahara, kina daftari. Kwa cheo hicho niliandika barua kwa ofisi ya wilaya moja ya juu (sitaitaja), nikiomba tukae pamoja tuzungumzie kingo za mto na wachimba mchanga. Baada ya miezi mitano nikajibiwa kwamba suala lipelekwe kwa "wilaya husika". Wilaya husika ni ipi, barua haikusema.

Na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Wakati baba yangu anaanza kulima, mto huu ulipita wilaya mbili tu, Mbale na Tororo. Mwaka 2005 wilaya ya Manafwa ikakatwa kutoka Mbale, na sisi Butaleja tukakatwa kutoka Tororo. Mwaka uliofuata Bududa ikakatwa kutoka Manafwa. Mwaka 2017 ikaja Namisindwa. Mwaka 2020 mji wa Mbale ukawa jiji lenye mamlaka yake. Kila mmoja ana mwenyekiti wake wa LC5 (baraza la wilaya), CAO wake (mtendaji mkuu wa wilaya), afisa wa maliasili wake na bajeti yake. Mto haukukatwa.

Maswali yangu:

Kuna kifungu chochote kinachoturuhusu kupanga ardhi pamoja, au tutaonekana tunaingilia wilaya ya watu? Kuna aliyewahi kufanya jambo hili likadumu hata baada ya wafadhili kuondoka? Na tukipata nafasi ya kukaa mara moja tu, tuombe nini kwanza?

Semina sitaki. Nimehudhuria semina tisa.

Mama_wa_Mteremkoni amejibu:

Kaka yangu wa Doho, pole kwa jaruba. Sasa nisikilize na mimi.

Hilo tope unalowalipa vijana wazoe ni shamba langu la kahawa. Sikukutumia kwa hiari. Niko Bududa, nina robo tatu ya ekari, kahawa na migomba, na upande wa chini kuna kijito kinachoingia Manafwa. Robo tatu hiyo nimelea watoto watano. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliposhuka Nametsi ukazika watu, nilikuwa naishi karibu kiasi cha kusikia mlio. Walionusurika walipelekwa Kiryandongo, mbali na mlima, wengine wakarudi, kwa sababu mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya Masaba (ndiyo Elgon) ukimweka tambarare anaumwa moyo. Oktoba 2018 mto Suume ukaleta mawe makubwa kama nyumba kule Bukalasi. Kwa hiyo usifikiri hatujui udongo unakwenda. Tunaujua kukuzidi.

Siku moja alikuja afisa na kamba. Akasema kwenye mto mdogo lazima niache mita 30 kutoka ukingoni. Akapima. Mita 30 ziliishia mlangoni pa jiko langu. Nikamuuliza, na kahawa iliyo ndani ya hizo mita je? Akaandika kitu kwenye karatasi akaenda zake, hadi leo.

Nilichofanya mwenyewe ni hiki: nilichimba fanya juu tatu, yaani mitaro ya kukinga mteremko ambayo udongo wake unatupwa upande wa juu kuwa tuta, nikapanda majani ya napia juu ya matuta, ng'ombe anakula. Ukingoni nikapanda mianzi. Na mianzi sikuipanda kwa ajili ya NEMA, mamlaka ya mazingira, niliipanda kwa ajili ya malewa, machipukizi yake tunayoyala. Mwaka wa imbalu, sherehe za tohara, wageni wakijaa nyumbani, malewa na karanga vinanisitiri.

Ukikaa na wakubwa wako usianze na mita. Anza na kuniuliza hiyo sehemu ninayoiacha italipa nini.

Dereva_wa_Tipa amejibu:

Mimi ndiye mbaya wenu, nabeba mchanga. Niwaambie ukweli bila kujificha. Sabkaunti moja ikifunga, tunavuka ng'ambo. Mto ni ule ule, mchanga ni ule ule, risiti tu inabadilika rangi. Kuna mwaka upande mmoja walikuja na polisi, upande wa pili wakatutengenezea njia ya kuingilia kwa sababu walitaka ushuru. Mkifunga kote siku moja nitatafuta kazi nyingine. Mkifunga nusu, mnanipunguzia foleni.

Afisa_Mstaafu amejibu:

Mzee wa Doho, nimefanya kazi ya maliasili kwenye serikali za mitaa miaka mingi upande huu wa Elgon, sasa nafuga nyuki. Nitajibu maswali yako kwa mpangilio wangu mwenyewe, kwa sababu huyo dereva amesema jambo kubwa kuliko sote.

Tazama fedha kwanza. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, ushuru unaokusanywa na sabkaunti, asilimia 65 inabaki palepale na inayobaki inapanda wilayani. Mchanga ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoingiza shilingi taslimu mashinani. Ukimwambia mwenyekiti wa LC3, baraza la sabkaunti, afunge machimbo huku jirani yake amefungua, unamwambia ampe jirani ushuru. Hatakubali, na mimi ningekuwa yeye nisingekubali. Nimekaa vikao vingi vya "ushirikiano wa wilaya" ambapo jambo hili halikutajwa hata mara moja. Tulizungumza vyanzo vya maji na vizazi vijavyo, tukala kuku, tukasaini alawansi.

Sheria haikuzuii. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, pamoja na jaruba lako na jiko la mama. Inatambua pia mpango wa kanda, unaovuka mipaka ya wilaya. Kule Albertine, magharibi mwa nchi, walichorewa mpango wa namna hiyo kwa sababu chini kuna mafuta. Sisi chini yetu kuna tope, tusubiri. Tatizo ni kwamba kamati ya mipango ya wilaya inaongozwa na CAO na wajumbe wake wengi ni maafisa wa wilaya hiyo hiyo: mhandisi, mpima ardhi, afisa kilimo, na wenzao. Hakuna kiti cha jirani wa chini ya mto.

Kiti hicho kipo kwingine. Wizara ya Maji imeigawa nchi kwa mabonde badala ya wilaya: kanda nne, na yetu ni Kyoga, ofisi iko Mbale. Manafwa inakwenda hadi mto Mpologoma, na Mpologoma hadi ziwa Kyoga, kwa hiyo wewe na huyu mama mko bonde moja. Kamati ya bonde inakalisha wilaya zote pamoja na watumiaji wa maji. Udhaifu wake nausema wazi: haitungi sheria wala haikusanyi kodi. Inaweza kukubaliana tu, kisha kila mjumbe anarudi kwenye baraza lake.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Sahau barua kwa wilaya. Chagua sabkaunti zinazotazamana kwenye kipande kimoja cha mto, hata kama ni tatu tu, mbili za upande mmoja na moja ya ng'ambo. Andikeni sheria ndogo moja, maneno yale yale, koma zile zile: machimbo yako wapi, yanafungwa miezi gani, ushuru ni shilingi ngapi kwa tipa. Kila baraza lipitishe kivyake, kila moja lipeleke kwa baraza la wilaya yake kuhakikiwa. Wanasheria wataziona kama sheria tatu. Dereva ataiona moja. Msiende moja kwa moja kwenye sheria ya wilaya, kwa maana ile inapitia kwa waziri hadi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na nimeona nakala zikizeekea huko. Faini msiitegemee sana, sheria imeiwekea kikomo na kikomo ni kidogo. Nguvu iko kwenye ushuru kuwa sawa pande zote.

Uliuliza pia kama kuna kilichodumu. Wilaya za Mbale, Manafwa na Bududa ziliwahi kupanga pamoja habari za tabianchi, kwa msaada wa UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) na watu wa Wales. Ukiniuliza nini kinaonekana kwa macho leo, nitakuonyesha miti. Upandaji ule uliendelea hadi ukapita miche milioni 10. Mpango wa kwenye karatasi una kurasa nyingi nzuri. Mche ulidumu kwa sababu ulikuwa na mwenyewe, mtu aliyeupeleka nyumbani kwa kichwa akaupanda kwenye kahawa yake. Huyo mama na mianzi yake ameshakueleza vizuri kunipita.

Kijana_wa_Rwizi amejibu:

Salamu kutoka Mbarara. Huku kwetu mto Rwizi unaanzia milima ya Buhweju, unapita wilaya kadhaa kabla ya kutufikia mjini, na tuna kamati ya bonde kama aliyoitaja mzee. Naongeza jambo moja. Hapa anayekunywa maji ni mji mzima pamoja na viwanda vya vinywaji, kwa hiyo maji yakishuka kuna watu wenye fedha wanaoshtuka. Mezani kuna mtu mwenye sababu ya kulipa. Nyinyi huko anayeshtuka ni nani? Kama ni wakulima wa mpunga peke yao, jihesabuni. Hekta 1,000 za mpunga si watu wadogo mkichanga pamoja. Na mji wa Mbale nao unachota Manafwa, waulizeni gharama ya kuchuja hilo tope.

Jaruba_la_Doho amejibu:

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikimsomea mke wangu.

Mama wa Mteremkoni, nakuomba radhi. Kwenye barua yangu ile niliandika "uharibifu unaofanywa na wakazi wa juu". Ninayo nakala, nimeona aibu kuisoma leo.

Mzee Mstaafu, wazo la sheria ndogo moja yenye koma zile zile limeniingia. Sabkaunti ya ng'ambo ninamjua mwenyekiti wake, tumewahi kugombania ng'ombe, lakini tunaongea. Dereva, nitakuhitaji siku ya kikao, uje useme hayo hayo uliyoyaandika, na hakuna atakayekukamata.

Kijana wa Rwizi, nimepiga hesabu. Kuzoa jaruba langu vijana wanne siku tatu ilinigharimu 120,000. Jirani zangu wanne kwenye mfereji huo huo wamezoa pia. Kwa fedha hizo ningenunua miche ya mianzi na napia ya kutosha shamba la mtu mmoja juu, pengine wawili, na ingebaki ya chai. Chama chetu cha wanaotumia maji kinakaa mwisho wa mwezi. Nitawauliza kama wako tayari kutoa sehemu ya mchango wa kuzibua mfereji ipande mlimani. Wataniita mwendawazimu. Nimeitwa kabla.

Ila siwezi kusimama mbele yao na maneno ya mtandaoni. Mama, nikija Jumamosi kuona hizo fanya juu na kupiga picha, utanipokea? Kutoka Bududa mjini hadi kwenu boda ni shilingi ngapi?

Mama_wa_Mteremkoni amejibu:

Karibu kaka. Elfu tano kukiwa kavu. Mvua ikinyesha boda hapandi, utatembea, vaa gambuti. Na uje na mchele, ule wa jaruba ambalo halikujaa.

Dereva_wa_Tipa amejibu:

Jumamosi nina safari tupu ya kupanda huko. Mzee nitakufikisha Bududa mjini bure. Usiniandike kwenye daftari tu.