Sarafu ya Sultan Suleiman, sonara anataka kuiyeyusha

MwanaNgamiani: Wadau, habari za huko mliko. Mie niko Tanga. Kwenye kidani cha marehemu bibi kuna sarafu ya dhahabu, nyembamba, ina tundu juu. Maandishi ya Kiarabu: Sultan Suleiman bin Selim Khan, Misr, 926. Sonara anaitaka kwa bei ya gramu, eti mwaka huo ni wa uongo. Kweli?

KasaWaPangani: Usimpe! 926 Hijria ni 1520, alipotawazwa Suleiman. Waosmani, dola ya Kituruki aliyoitawala, waliandika mwaka wa kutawazwa, si wa kupigwa sarafu. Yako yaweza kuwa hata ya 1560. Misr hapo ni Kairo, waliyoitwaa 1517.

BabuMizani: Pima kwanza, mjukuu. Sarafu hiyo ya dhahabu ya Waosmani, iitwayo sultani, ilianza 1477–78, enzi za Mehmed II, ikaifuata dukati, sarafu ya dhahabu ya Venice: gramu 3.5 hivi, dhahabu karibu safi. Ikipungua sana, imekatwa kingo au ni pambo la kuiga. Tundu hushusha bei, ingawa mie nazipenda zilizovaliwa. Na usiisugue kwa ndimu!

MwanaNgamiani: Shikamoo babu. Mizani imesoma 3.46. Sonara keshapandisha dau mwenyewe. Haitoki ng'o.