Eti "bosi, kwani wewe unaendesha gari au unaendesha taa?"

Wakuu, habari zenu, yangu mbaya.

Yule fundi umeme mnamjua. Wa pale chini ya mwembe, mwenye ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya bluu, anayemwita kila mtu bosi mpaka hela imtoke mfukoni. Msijifanye hamumjui. Nusu ya jukwaa hili magari yenu yamepita mikononi mwake, ndiyo maana mnapanda daladala.

IST yangu iliwasha taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kuganda ukikanyaga breki, baada ya kula mashimo ya Goba wiki nzima. Kapima na mashine, ikaleta namba ya hitilafu C0200, akasema sensa, yaani kipima mwendo, ya gurudumu la mbele kulia, waya umekatika huko chini. Sawa. Kaingia uvunguni saa mbili nzima, miguu tu ipo nje kama maiti, mara naomba bisibisi, mara naomba soda. Akatoka: elfu 60. Taa imezima. Nikampa na ya maji, mjinga mimi.

Jana mvua. Bajaji ya mbele ikasimama ghafla, nikakanyaga breki, magurudumu yakaganda, gari likateleza kama kandambili kwenye vigae vya bafuni. Limesimama niko karibu kiasi kwamba nimesoma maandishi yote ya mgongoni mwa bajaji, pamoja na namba ya simu.

Leo fundi mwingine kainua gari. Akakuta waya yule wa mwembe kausokota kwa vidole, kaufunga na mfuko wa rambo. RAMBO! Zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, yeye bado ana stoo. Ndani maji, shaba imekuwa kijani kama matembele. Sasa taa ilizimaje? Huyu mpya kafungua dashibodi: yule wa mwembe kabandika tepu nyeusi juu ya taa.

Nikampigia. Hata hakukana! Kwa upole kabisa: "Bosi, kwani wewe unaendesha gari au unaendesha taa?"

Mimi. Naendesha TAA. Nimelala na hiyo sentensi, nimeamka nayo, nimepigia mswaki.

mla_mihogo: Sensa si ilishafanyika 2022 mkuu? Au hukuhesabiwa?

Gia ya Tatu: Kwani uongo? Gari si lilikuwa linatembea? 😂

Mleta uzi: Gia ya Tatu, nyie ndio wateja wake.

Mzee wa Spana: Makosa yako mwenyewe. Ukipiga swichi, taa ya ABS lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, ujue kuna mtu kaiziba au kaing'oa. Na huo waya hausokotwi. Unakata mpaka ukutane na shaba nyekundu safi, unaunga kwa kibano, juu unavalisha ule mpira wenye gundi ndani unaosinyaa kwa moto. Kisha unaufunga mbali na ekseli, na unaacha ulegevu kidogo maana gurudumu linakata kona. Ukitumia risasi ya kulehemu peke yake pale kwenye mtikisiko, utakatika pembeni ya kiungo.

Gia ya Tatu: Mzee wa Spana, gereji yako iko wapi?

Mzee wa Spana: Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimeibiwa sana, basi.

binti_wa_tegeta: Afadhali wewe gari. Mimi fundi friji kaniambia gesi imeisha, kajaza, kaondoka na hela. Friji sasa linachemsha. Maziwa yameiva humo ndani.

mla_mihogo: Wa friji ndio baba lao. Wangu alibakiwa na skrubu 9 mkononi, akasema eti hizo ni za akiba.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye uzi. "UNAENDESHA TAA." Hivi mnaelewa ningekufa?

shangazi_kaja: Hakuna mafundi kama wa cherehani. Kitenge changu cha sare ya harusi ya mdogo wangu kiko kwake. Harusi imepita, mtoto amezaliwa, bado ananiambia "dada njoo Jumamosi".

binti_wa_tegeta: Shangazi, mimi kitambaa changu nilikiona kavaa mke wake. Kanisani.

Gia ya Tatu: 😂😂 Na kilimpendeza?

binti_wa_tegeta: Ndiyo kinachoniuma. Kilimkaa vizuri kweli.

Mleta uzi: Wakuu, elfu 60 yangu?

shangazi_kaja: Binti, huyo wako ndiye yule wa kibanda cha bati, jirani na mwembe?