Naomba ushauri: mwani unafunika tangi langu la samaki
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina tangi la kioo la lita 80 sebuleni, lina samaki aina ya gapi 12 na mimea michache. Tangu mwezi jana kioo kinatanda ukijani, na majani ya mimea yameota nyuzinyuzi zinazoteleza. Samaki wanakula vizuri, ila mimea inadhoofika na inaniuma kuiona hivyo.

Taa naiwasha kwa saa 10 kila siku, na jua la asubuhi linapiga tangini kupitia dirishani. Maji ni ya kisima. Nilikwangua kioo nikabadilisha maji yote kwa mkupuo. Siku ya nne kijani kikarudi, na samaki wawili walishinda wakihema juu ya maji. Sirudii tena. Chakula nimepunguza kutoka mara tatu hadi mara moja kwa siku.

Nikizuia jua na kushusha taa hadi saa 6, mimea itahimili? Na je, maji ya kisima yanaweza kuwa na naitreti ya kulisha mwani, hata nikibadilisha robo tu kila wiki? Dawa naiogopa, kuna vifaranga humo.