Naomba ushauri: mgonjwa wa sumu ya shamba, nianze kumvua nguo au kumchoma atropini (dawa ya kupinga hiyo sumu)?

Wakuu habarini, mimi nesi wa zahanati huku kijijini wanakolima sana nyanya. Juzi kaletwa kijana alikuwa anapulizia dawa bila maski, mate yanamtoka, jasho, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, tukampiga atropini mpaka stoo ikaisha ndo tukamkimbiza wilayani, namshukuru Mungu yuko hai.

Sasa usiku nikawa nasoma ile ishu ya Tokyo Machi 1995, watu walipoachia sarini (sumu ya vita inayoshambulia neva) kwenye treni za chini ya ardhi, kumbe ni ukoo mmoja na hizi sumu zetu za shamba na Wajapani nao walitumia atropini pamoja na pralidoksimu (dawa nyingine ya kupinga sumu hizi)! Kilichonitisha, wahudumu wa hospitali nao waliumwa kwa mvuke wa kwenye nguo za wagonjwa, na mimi huyo kijana nilimpokea shati limelowa chapachapa, nina glavu zile nyepesi tu (kichwa kiliniuma hadi jioni, nikajua njaa).

Wenye uzoefu naombeni, tukiwa wawili tu zamu nani aanze nini? Glavu gani zinafaa? Na pralidoksimu huko kwenu mnaipata kweli au ni ya kwenye vitabu tu?