Insulini imechomwa, chakula bado kimekaa tumboni: sukari 3.2 kisha 17

Zamu_ya_Asubuhi:
Wakuu, mgonjwa ana kisukari aina ya kwanza kwa miaka 18. Anachoma insulini ya muda mfupi nusu saa kabla ya kula, kama alivyoandikiwa. Saa moja na nusu baada ya mlo anatetemeka na kutoka jasho, sukari 3.2 mmol/L. Baada ya saa tano ni 17. Anashiba kwa vijiko vichache, na jioni anatapika chakula cha asubuhi. Kila mara hurudishwa na omeprazoli kwamba ni vidonda vya tumbo. Kilichoharibika ni neva au homoni? Tuanzie wapi?

Neva_na_Misuli:
Kutapika jioni makande ya asubuhi, punje bado zinaonekana, kunaonyesha tumbo halisagi wala halisukumi, hali iitwayo gastroparesisi. Tumbo lenye afya lina mdundo wa mawimbi 3 kwa dakika, unaoanzishwa na seli za Cajal zilizomo kwenye ukuta wa misuli. Sehemu ya chini husaga chakula hadi vipande vya milimita 1 au 2, ndipo pailorasi, mlango wa kutokea kwenda utumbo mdogo, unaviachia. Kisukari cha miaka mingi hupunguza seli hizo, hudhoofisha vagasi, neva kuu inayotoka kwenye ubongo hadi tumboni, na huua neva zinazotoa naitriki oksaidi, ambayo kazi yake ni kulegeza misuli. Hapo sehemu ya juu haitanuki, ndiyo maana anashiba upesi, na pailorasi hubana. Vimiminika hupita kwa urahisi zaidi. Uji utashuka, makande yatabaki.

Usisahau kwamba sukari ikiwa juu leo, inalichelewesha tumbo leo hiihii, hata kwa mwenye neva nzima.

Homoni_Kwanza:
Nyongeza upande wa homoni. Mtu akiwa na njaa, kila dakika 90 hadi 120 hupita wimbi kubwa la kufagia mabaki, na motilini, homoni ya utumbo mdogo, husaidia kuliamsha. Kwa wagonjwa hawa wimbi hilo mara nyingi halipo, ilhali motilini kwenye damu imeonekana kuwa juu. Ishara inatumwa, tumbo haliitikii. Grelini, inayochochea njaa na kuharakisha tumbo, huitegemea vagasi, kwa hiyo nayo huyumba.

GLP-1, homoni nyingine ya utumbo, hupunguza kasi ya tumbo. Muulize kama anatumia semaglutaidi au liraglutaidi, hata aliyoinunua mwenyewe ili apunguze uzito. Zinaiga homoni hiyo, na dalili zitafanana kabisa.

Mpango_wa_Mlo:
Kwanza endoskopi (kamera ya tumboni), mhakikishe hakuna kilichoziba. Wakati huohuo kagua dawa: tramadoli (ya maumivu), amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva), na hasa hayosini anayopewa kwa maumivu ya tumbo. Zote hulipunguzia kasi tumbo ambalo tayari limechelewa. Kipimo chenyewe ni mlo wenye chembe za mionzi. Zaidi ya asilimia 10 ya mlo huo ikibaki tumboni baada ya saa 4, tumbo limechelewa. Siku hiyo sukari isizidi 15, vinginevyo majibu yatawadanganya.

Insulini ndiyo ya haraka kurekebisha. Ile nusu saa iondolewe: kwa makubaliano na daktari wake, achome anapoanza kula au mara tu baada ya kula, apime saa ya 1, ya 2 na ya 4. Sukari ikishuka asipewe biskuti, kwani zitakaa tumboni. Vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, apime tena baada ya dakika 15. Akitapika, glukosi ya mshipani au glukagoni, homoni inayopandisha sukari.

Milo midogo 5 au 6 kwa siku. Maharage yasagwe na kuchujwa maganda, chungwa anywe juisi iliyochujwa. Nyuzi zake hukusanyika na kufanya donge tumboni.

Zamu_ya_Asubuhi:
Asanteni sana. Na Plasil?

Neva_na_Misuli:
Plasil ndiyo metoklopramaidi: miligramu 5 hadi 10, dakika 30 kabla ya mlo, isizidi wiki 12. Midomo au ulimi ukianza kucheza wenyewe, isimamishwe siku hiyohiyo. Erithromaisini, ambayo ni antibayotiki, hubonyeza vipokezi vya motilini, lakini baada ya wiki chache huzoeleka na nguvu yake hupungua. Usiichanganye na domperidoni, dawa nyingine ya kusukuma tumbo. Zote mbili huvuruga mapigo ya moyo, na kila moja inahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza.