Nawaelezaje watoto wa awali kwamba mawasiliano ni pande mbili?

Wakuu habari zenu. Nafundisha darasa la awali, watoto wa miaka 5 hivi, na kinachonisumbua ni mawasiliano, hasa hapo kwenye mrejesho. Nikimaliza kueleza nauliza "mmeelewa?" darasa zima "ndiyooo mwalimu!" halafu nikimwita mmoja aniambie nimesema nini, anabaki anachezea kifungo cha shati. Nimechora mishale ubaoni inaenda na kurudi, wameinakili tu kwenye daftari. Nisaidieni jamani.

Mama wa wawili
Mwalimu usianze na neno mrejesho, anza na paukwa. Ukisema "Paukwa!" wao "Pakawa!", hapo washakujulisha wako na wewe. Siku moja waambie wasiitikie kabisa, kisha waulize, sasa mimi nitajuaje mmenisikia? Au chukua ya nyumbani, mama anaita, mtoto akiitika "abee" mama anashusha sauti anamtuma, asipoitika mama anaita tena kwa nguvu zaidi. Yani jibu la mtoto ndo linamwambia mama afanye nini, na mtoto wa miaka 5 hilo analijua vizuri sana.

Fundi Redio
Tengeneza simu ya makopo. Makopo mawili, tundu dogo chini kwa msumari, uzi mita 4 au 5, fundo kwa ndani kila upande, kingo kali zigonge zilale wasijikate. Uzi lazima ukazwe maana sauti inapita kwa uzi kutetemeka, ukilegea au ukigusa ukuta haifiki vizuri. Na kopo hilohilo ndo mdomo ndo sikio, kwa hiyo mmoja akiongea mwenzake lazima asikilize. Wanangu waligombana weee, mwisho wakakubaliana wenyewe ukimaliza useme "zamu yako".

Bibi Mwalimu
Mwanangu hilo "mmeelewa" liache, mtoto anaitika ndiyo kwa sababu kwake ndiyo ndo adabu. Mmoja ashike picha ya nyumba aifiche, amwelekeze mwenzake aichore. Raundi ya kwanza mchoraji haruhusiwi kuuliza, ya pili anaruhusiwa. Bandika michoro yote miwili ubaoni wailinganishe wenyewe, wewe nyamaza kwanza. Na siku wakikusahihisha, wapokee kwa furaha, ukimkaripia mmoja tu wengine wote wanarudi kwenye ndiyo mwalimu.

Muuliza swali
Shikamoo Bibi, asanteni wote. Kesho paukwa. Ila makopo ninayo 2 na watoto wako 43.

Fundi Redio
Vikombe vya mtindi navyo vinafaa, waambie wazazi wakusanye.